Bi Mkubwa Aliyewauzia Wazungu Vyuo Vyao

Kwa Bi Mkubwa mgeni hakuanza na kahawa. Hakuanza na halwa wala tende pia. Alianza na sabuni. Mlangoni palikuwa na beseni la kunawia na taulo jeupe lililopigwa pasi, na mpaka uwe umenawa, umejikausha na kumwonyesha viganja vyote viwili, hukupata hata pa kukaa. Hapa Maskati hilo ni tusi, tena tusi kubwa. Mtu anaweza kuja kukuletea habari ya msiba na bado ukamtilia kahawa kwanza. Lakini katika nyumba ile ya Sib, mtaa wa pili kutoka kwetu, kahawa ilikuja baada ya vyuo kufungwa na kurudishwa kabatini. Asiyekuwa na subira aliondoka na kiu yake.

Vyuo ni vitabu, ndivyo wazee wetu waliotoka Unguja walivyoviita, na vyake vilikuwa vya Wazungu, vya zamani, vilivyoandikwa kwa mkono kabla wenyewe hawajajua kupiga chapa. Alivinunua, akavichunguza, akavikarabati palipochanika, akavitungia maelezo, akaviuza. Vilikuwamo vitabu vya sala vya mabibi wa kitajiri, vitabu vya dawa, hati za mashamba zenye muhuri wa nta, na kurasa mojamoja zilizobanduka kwenye vitabu ambavyo havipo tena. Majirani walimwita Bi Mkubwa wa vyuo. Mimi nilifupisha.

Kwa miaka kumi na moja mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia maelezo hayo, na mimi ndiye niliyemtia aibu. Nalisema mapema, ili mtu asije akanisoma mpaka mwisho akidhani nilikuwa mtu mwema tu wa kukaa na wazee. Neno moja nililiacha, kwa heshima za kijinga, nikaipoteza imani yake. Na kitu nilichokitaka kuliko vyote, baada ya hapo, ni anirudishie.

Ya kuzaliwa kwake na ukoo wake nayaacha. Ninachojua ni kuwa ujanani alipelekwa Ujerumani kusoma, akarudi na ufundi wa kujalidi vitabu, na kwamba alipofika Oman aliajiriwa serikalini kutengeneza majalada ya mafaili mpaka akastaafu. Mtu aliyefunzwa kushona kitabu cha miaka mia tano, kakaa miaka ishirini na kitu anabandika migongo ya mafaili! Mwenyewe hakulalamika. Alisema mafaili yalimlipia vyuo.

Alinunua kwa simu, kwenye minada ya Ulaya, kwa Kijerumani cha ukali kiasi kwamba mama yangu, siku ya kwanza alipokisikia kutoka uani, alidhani jirani anagombana na mkwe wake. Akaniambia, "Nenda kaamue, usiache watu wauane." Nikaenda. Nikamkuta Bi Mkubwa ameketi kwenye zulia, miwani kwenye paji la uso, kanga begani, simu sikioni, ametulia kabisa. Alinipungia mkono nisubiri. Alipomaliza akasema, "Nimekipata. Haya wewe, umekuja kusuluhisha?" Tukacheka mpaka akatoa machozi, akanionyesha pa kunawa.

Watu walimwuliza, na mimi nilimwuliza, kwa nini vya Wazungu na si vya kwetu, na Oman imejaa vyuo vya kale vya Kiarabu. Alikuwa na jibu lake moja, hakulibadilisha.

"Vya kwetu vina wenyewe, mwanangu. Ukimpata mwenyewe, mrudishie, usimuuzie. Lakini hawa, wamebeba vya watu dunia nzima bila ya kuuliza. Mie vyao nanunua, tena kwa risiti, halafu nawauzia wenyewe. Nimewadhulumu nini?"

Na kweli wanunuzi wake wengi walikuwa wa huko huko Ulaya. Chuo kilitoka Ujerumani, kikakaa Sib miezi sita, kikarudi Ujerumani kikiwa na maelezo yaliyosemwa kwa Kiswahili cha Unguja. Hilo lilimfurahisha kupita kiasi.

Maana yeye alisema kwa Kiswahili. Kijerumani alikijua, Kiarabu chake kilikuwa safi kuliko changu, lakini alidai kuwa kuona anaona kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa mfasiri katika ofisi moja huko Bawshar, na kila Alkhamisi baada ya alasiri nilikwenda kwake na kompyuta yangu. Yeye anashika ukurasa, anasema. Mimi naandika, kisha nafasiri kwa Kiingereza kwa ajili ya wanunuzi wa mbali na kwa Kiarabu kwa wale wachache wa hapa.

"Andika," alikuwa akisema. "Ukurasa mmoja. Ngozi ya ndama. Mistari kumi na saba. Mwandishi hodari, ila mstari wa kumi na mbili kasinzia, karudia neno mara mbili, kalikata kwa wino mwekundu."

"Kosa dogo, basi."

"Nani kakwambia dogo? Sema karudia neno. Anayenunua atajua mwenyewe kama dogo au kubwa. Mdudu kala pembe ya juu, lakini mdudu mwenye adabu, hakugusa maandishi."

"Bi Mkubwa, 'mwenye adabu' kwa Kiingereza niiweke vipi?"

"Hiyo yetu mie na wewe. Andika matundu matatu."

Maneno aliyoyapiga marufuku yalikuwa mengi. "Nzuri" haikuruhusiwa. "Adimu" haikuruhusiwa, wala "ya kupendeza," wala "hali nzuri ukizingatia umri wake," ambalo alisema ndilo analoambiwa yeye kila akienda hospitali. Alitaka vipimo, idadi ya mistari, rangi ya wino, ngozi ya nini, wapi pamechanika, nani kashona. "Ukishamaliza kusema kweli yote," alisema, "kama bado mtu anakitaka, basi kinamhusu." Mara moja nilimchomekea neno "maridadi" nione kama ataliona. Aliliona kabla sijafungua mdomo kucheka, akanipiga kofi la begani.

Alinifundisha ngozi. Siku hizo watu waliandika juu ya ngozi ya mnyama iliyolowekwa, ikavutwa na kukwanguliwa mpaka ikawa nyembamba, na kila ngozi ina upande wa manyoya na upande wa nyama. Alizima taa, akafunga pazia, akawasha tochi na kuilaza ubavuni mwa ukurasa, mwanga upite juu juu. Hapo kila kitu kinajitokeza: mikwaruzo ya kisu, mistari ya kuongozea kalamu, mahali mtu alipofuta akaandika upya. Kwenye majalada ndiko kulikohitaji macho zaidi. Mbuzi ana mikunjomikunjo. Ndama ni laini, vitundu vya nywele huvioni kirahisi. Nguruwe vitundu vyake vimekaa vitatu vitatu, popote utakapotazama. Wajerumani wa zamani walipenda kujalidia ngozi ya nguruwe, nyeupe, ngumu, isiyochoka, wakaipiga mihuri ya maua na nyuso za watakatifu wao.

Hizo za nguruwe alizishika kwa kitambaa maalumu cha pamba, akakifua mwenyewe, akakianika peke yake. Nilipomwuliza kama hata kuziuza inafaa alinikatiza.

"Ya dini kamuulize sheikh. Mie kazi yangu kusema ngozi ya nini. Kushika si kula, lakini mtu ana haki ya kujua anashika nini."

Alikuwa mtu wa swala tano, na msahafu wake ulikaa juu kabisa ya kabati, peke yake, umefunikwa kitambaa cha kijani. Vyuo vya Wazungu vilikaa chini. Lakini asingekubali mtu avidharau. Shoga yake mmoja aliyekuja kumtembelea aliona msalaba wa dhahabu kwenye ukurasa akasema astaghafirullah, haya mambo ya kuweka ndani ya nyumba? Bi Mkubwa akamjibu taratibu kuwa aliyeandika pale alikuwa akiamka alfajiri kwenye baridi ya kugandisha wino, kumwomba Mungu kadiri alivyomjua. "Mie nna kipozahewa na bado nasinzia kwenye tasbihi," akasema. Shoga akabadilisha mazungumzo.

Udi ulikuwa haramu katika chumba cha vyuo. Nyumba ya Kiomani isiyofukizwa udi! Alisema moshi unaingia kwenye ngozi na hautoki. Dada aliyemsaidia kazi, mtu wa Mombasa, mcheshi, mwenye mikono miepesi, hakuliamini hilo. Siku ya Idi aliona wageni wengi wanakuja, akaenda sokoni, akanunua udi wa bei kwa pesa zake mwenyewe, akajaza chetezo na kukiweka katikati ya chumba kile. Bi Mkubwa alipofungua mlango alitoa ukelele ambao mimi nyumbani kwetu niliusikia.

"Mama, nilitaka tu wageni wasikie harufu poa," dada akasema, macho yamemtoka.

Bi Mkubwa alibeba chetezo kwa mikono yake kikiwa cha moto, akakitupa uani. Kisha akaona uso wa yule dada. Akaenda chumbani, akarudi na kanga mpya mbili, doti nzima, akampa na kumwambia, "Umenunua kwa pesa yako?" Dada akaitikia. "Basi fukiza sebuleni, fukiza jikoni, nifukize na mie. Humu tu usitie." Siku hiyo nyumba nzima ilinukia isipokuwa chumba kimoja, na Bi Mkubwa alikuwa na malengelenge kwenye vidole viwili.

Msidhani alikuwa malaika wa ukweli. Kwenye vyuo hakusema uongo. Kwenye sukari yake alisema uongo mchana kweupe. Madaktari walimkataza halwa. Akiulizwa, "Halwa? Mie? Tangu mwaka juzi sijaiona." Na mimi nimemfuma jikoni, kasimama, mlango wa friji wazi, vidole vitatu ndani ya bakuli la halwa, samli inamtiririka mpaka kiwiko. Aliponiona hakustuka. Akasema, "Naonja kama imeharibika." Alikuwa akidanganya umri wake pia, mara aupandishe akitaka huruma, mara aushushe akitaka kwenda safari. Na alikuwa bahili wa ajabu kwa vitu vidogo, anazima taa nyuma yako ukiwa bado unapita. Nilimpenda hivyo hivyo.

Sasa lile neno.

Miongoni mwa wanunuzi wa hapa alikuwapo daktari mmoja mstaafu wa Bawshar, mtu wa familia zilizotoka Bara, Kiswahili chake cha Tabora, mpole, hana haraka. Alikusanya vitabu vya dawa za kale. Ndiye rafiki mkubwa wa Bi Mkubwa katika kazi ile, labda ndiye pekee hapa Maskati aliyeweza kukaa saa nzima juu ya ukurasa mmoja bila kutazama simu. Walikuwa wakitaniana. Yeye akimwita "mama wa sabuni," naye akimwambia, "Watu wa Bara hamnawi mpaka muamrishwe?"

Bi Mkubwa alipata chuo cha dawa cha Kijerumani, cha mkono, kinene, mambo ya mizizi na mafuta na jinsi ya kufunga jeraha, na pembeni mwa kurasa waganga mbalimbali wameandika waliyoyaona. Jalada lake jeupe. Aliponitajia maelezo alisema wazi, "Mbao, juu yake ngozi ya nguruwe, imepigwa mihuri, kufuli mbili, moja imevunjika." Nikaandika kwa Kiswahili. Nikaandika kwa Kiingereza. Nilipofika kwenye Kiarabu, karatasi ambayo ndiyo angeisoma Daktari, nikaliandika lile neno, khinziri, nikalitazama.

Nikaona haya. Sina maelezo mengine. Lile neno kwa Kiingereza halikunishtua, lilipita tu. Kwa Kiarabu lilikuwa kama nimemtukana mtu mzima kwenye majilisi yake, mbele ya wageni wake. Daktari alikuwa mtu wa heshima, wa makamo ya baba yangu. Nitampelekeaje karatasi yenye neno hilo, tena imechapwa na mimi? Nikalifuta. Nikaandika "ngozi nyeupe ya kale." Nikajiambia ni adabu, na kwamba Bi Mkubwa atamwambia kwa mdomo. Bi Mkubwa naye hakumwambia, kwa kuwa aliamini limeandikwa.

Miezi minne baadaye alikuwa akipanga nakala zake. Kila maelezo aliyowahi kuyatoa aliyaweka kwenye faili, lugha zote tatu. Alinipigia simu nikiwa kazini.

"Gari unalo?"

"Ninalo, Bi Mkubwa. Kuna nini?"

"Njoo unichukue. Twende kwa Daktari."

Nilipofika alikuwa amesimama nje ya geti, abaya imenyooshwa, karatasi mkononi. Aliniwekea juu ya usukani. Kidole chake kilikuwa kwenye yale maneno yangu ya Kiarabu. Nikasema tu, "Niliona haya." Akazunguka, akaingia garini, akafunga mkanda. Tuliendesha kutoka Sib mpaka Bawshar, barabara ile yenye magari tele, hatukusema neno. Nilitamani anitukane.

Daktari alitupokea kwa furaha mlangoni. "Karibuni, karibuni! Leo mko kwangu, tunaanza na kahawa."

"Kahawa baadaye, Daktari," Bi Mkubwa akasema, akiwa bado amesimama. "Nimekuja kukwambia neno. Kile chuo cha dawa, jalada lake ngozi ya nguruwe. Ilikuwa nikwambie kabla hujakichukua. Sikukwambia. Kosa langu."

Kosa langu, alisema. Hakunitazama. Alinyamaza kidogo, na mimi najua kwa nini alinyamaza: aliniachia nafasi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mkoba nimeushika kwa mikono miwili, na mdomo wangu haukufunguka.

Daktari aligeuza macho kwenye rafu. Chuo kilikuwapo pale, cheupe, kimeegemea msahafu wake.

"Kila siku," akasema, "nikimaliza kusoma msahafu nakichukua hicho, nakaa nacho dirishani."

Akaingia ndani. Tukasikia maji bombani, yanamwagika, yanamwagika. Aliporudi alikuwa na taulo, akakifunga chuo ndani yake na kumkabidhi. "Bi Mkubwa, mimi nimepasua watu miaka mingi. Damu, usaha, nguruwe, havinitishi. Ila ningependa niwe nimechagua mwenyewe."

"Haki yako," akasema yeye. Kahawa ililetwa. Hakuna aliyeimaliza.

Ndani ya gari, tukiwa tumesimama kwenye taa nyekundu, ndipo aliposema. "Kuliacha neno ni kosa, na kosa hufanywa na kila mtu. Lakini kuniacha mie nilibebe mbele yake, na wewe umesimama hapo, hilo nimelitafutia jina sijalipata."

Alkhamisi iliyofuata nilikwenda na kompyuta yangu. Dada alifungua mlango, akatazama chini. "Mama amesema leo hakuna kuandika." Na Alkhamisi ya pili. Wiki ya tatu nilimpigia Daktari nikamweleza yote, nani alilifuta lile neno na kwa nini. Akanishukuru kwa upole, akasema alishanisoma usoni siku ile ile. Lakini hakuja tena kwa Bi Mkubwa kununua, wala mimi sikuitwa.

Miaka miwili. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonila. Akinikuta sokoni alinishika mkono, ananiuliza wanangu, ananiita mwanangu vilevile. Mwezi wa Ramadhani sahani yake ya futari ilifika kwetu kama zamani, vitumbua vyake vidogo vyenye iliki. Mama yangu alipofariki alikaa na mimi siku zote tatu, akiwatandikia watu mikeka. Lakini vyuo, hapana. Niliambiwa na dada kuwa anaandika mwenyewe kwa kalamu, mwandiko unatetemeka, anachana, anaanza upya. Hakumpa mtu mwingine kazi ile. Nilikuwa nikilia mwenzenu, mtu mzima wa miaka hamsini, nalilia kazi isiyo na mshahara.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Presha ya macho, walisema. Akawa anaona mwanga na vivuli, anakujua kwa sauti. Vyuo vikauzwa kimoja kimoja mpaka kabati likabaki na vumbi lake. Nikadhani basi, imeisha, na imani yake nisingeipata tena.

Mara ya mwisho niliyokaa naye katika chumba kile, dada alikuja kwetu mwenyewe, si kwa simu. "Mama anakuita. Anasema njoo na kompyuta."

Nilinawa mikono mpaka vidole vikakunjamana. Nikamwonyesha viganja kwa mazoea, kisha nikakumbuka kuwa havioni, nikavishusha kwa aibu. Alikuwa ameketi kwenye zulia. Mbele yake, juu ya kitambaa cha pamba, ulikuwapo ukurasa mmoja ambao katika miaka yote ile sikuwahi kuuona.

"Ulikuwa chini kabisa ya sanduku," akasema. "Mjukuu wa ndugu yangu anataka kuuza kilichobaki. Kimebaki hiki. Mie leo sioni. Sema wewe, nsikilize."

Nikafunga pazia. Nikalaza tochi.

Nikasema. Ngozi ya ndama, nyembamba. Mistari kumi na minane, wino wa kahawia. Herufi kubwa ya kwanza imetiwa dhahabu na buluu, na kutoka kwake mzabibu unateremka pembeni mpaka chini, una majani, una ndege mmoja mdogo mwekundu. Yeye alikuwa akitikisa kichwa taratibu kila nilipotaja kitu. "Endelea," akasema. "Chini."

Chini, pembe ya kulia, mzabibu ulikuwa na dhahabu inayong'aa zaidi. Nikageuza ukurasa. Upande wa nyuma palikuwa na kiraka, ngozi ngeni imeungwa kwa ustadi mkubwa, kingo zake zimekwanguliwa mpaka hazishikiki kwa kidole, na upande wa mbele mtu kauendeleza mzabibu juu yake ili ufanane na wa mwandishi wa kwanza. Ungepita mbele ya mnunuzi yeyote. Na zile kingo nilizijua. Nilishamwona fundi mmoja tu anayekwangua hivyo, kutoka ndani kwenda nje, kisu kimelala, na alikuwa ameketi mbele yangu.

Hakuwa akiona. Ningesema "pembe ya chini ni nzima," tukamaliza, akafa na jina lake safi. Naapa nililifikiria hilo. Nilimtazama uso wake umeinuliwa kunisikiliza, mikono yake iliyozeeka imelala mapajani, nikasikia ile haya yangu ya zamani inanipanda tena, ile ile.

"Pembe ya chini, kulia," nikasema, "pana kiraka. Si cha zamani. Kimechorwa mzabibu na kutiwa dhahabu ili kisijulikane."

Alirekebisha kanga begani.

"Nani kakitia?"

"Kwa ninavyoona, ni wewe, Bi Mkubwa."

Dada alikuwa akifagia uani. Nilisikia ufagio wake ukienda, ukirudi.

"Ilikuwa imeoza," akasema mwishowe. Sauti ilikuwa ndogo. "Nlikuwa kijana, nna haja, nna mikono hodari, nkaona hakuna atakayejua. Mtu akaja kuutaka. Nkaanza kuandika maelezo, nkafika hapo, kalamu ikakataa. Nkamwambia siuzi. Nkautia chini ya sanduku. Mara ngapi nimeutoa niandike! Nafika pale pale." Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Wewe nilikufungia mlango miaka miwili kwa neno moja. Mie langu lina zaidi ya miaka thelathini. Unisamehe, mwanangu."

Nilimbusu mkono. Nililia, na yeye akaniacha nilie, kisha akanigonga goti.

"Khalas. Andika."

Nikaandika, Kiswahili, kisha Kiingereza, kisha Kiarabu, kila kitu mahali pake. Akataka nimsomee Kiarabu. Nikasoma polepole: ngozi ya ndama, mistari, mzabibu, ndege, na pembe ya chini kulia kiraka kipya kilichochorwa kufananishwa na cha kale, kazi ya muuzaji.

"Muuzaji?" akasema. "Wauzaji wako wengi, mwanangu. Tia jina langu."

Nikamwuliza kama ana yakini, maana karatasi ile itakwenda Ulaya, itasomwa na watu waliomwamini miaka yote.

"Tia."

Humu ninamosimulia jina lake sikulitaja hata mara moja, Mungu amrehemu. Kule kwenye karatasi nililitia, kwa lugha zote tatu, na kila nilipomaliza moja akanitaka nimsomee herufi kwa herufi, ahakikishe sikuacha kitu.